Panya, Pumu na Moyo: Vipokezi vya Beta Vimekaa Wapi Mwilini?

Ukienda kwa daktari kwa sababu ya shinikizo la damu, usishangae akikuuliza swali linaloonekana kuwa mbali na maradhi yako: "Je, umewahi kuugua pumu?" Wagonjwa wengi hujibu haraka haraka, au husema "la" ili wamalize shughuli waende zao. Wengine hukereka kidogo. Wao wamekuja kutibiwa presha. Kifua kinahusika vipi?

Swali hilo laweza kuokoa maisha yako. Sababu yake iko kwenye utando wa seli zako, mahali penye protini ndogo sana zinazoitwa vipokezi. Juma hili tutajifunza kuhusu jamii moja ya vipokezi hivyo, yaani vipokezi vya beta. Tutaona ni nini, vimekaa katika viungo gani, na jinsi wataalamu walivyovitafuta katika miili ya panya. Tutaona pia mahali ambapo panya alituelekeza vyema, na mahali ambapo ramani yake ilitupoteza njia.

MBIU NA MASIKIO YAKE

Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Mwilini mwako mbiu hiyo ni adrenalini. Mbwa mkali akikutokea njiani, au gari likifunga breki ghafla nyuma yako, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni hii kwenye damu. Ndugu yake, noradrenalini, hutolewa na ncha za neva zinazofika kwenye moyo, mishipa ya damu na viungo vingine. Katika muda mfupi mno damu huwa imeisambaza adrenalini kila mahali, tangu utosini hadi unyayoni.

Hata hivyo, seli husikia mbiu hii ikiwa tu ina sikio la kuisikia. Sikio hilo ndilo kipokezi. Ni protini ndefu iliyopenya utando wa seli mara saba, ikitoka na kuingia kama uzi wa mshonaji kwenye kitambaa. Upande wa nje hunasa adrenalini, na upande wa ndani huamsha kazi ndani ya seli.

Tena mbiu ikilia kijijini, kila nyumba hufanya lake: huyu hushika rungu, yule hufunga duka, mwingine hukusanya watoto. Ndivyo ilivyo mwilini. Adrenalini ile ile huufanya moyo udunde kwa kasi na nguvu, ilhali misuli inayozunguka mirija ya mapafu huilegeza ili hewa ipite kwa wingi. Jambo hili liliwatatiza watafiti kwa miaka mingi. Kitu kimoja kinawezaje kukaza hapa na kulegeza pale?

Mnamo 1948 mtaalamu wa Marekani, Raymond Ahlquist, alitoa jibu. Alijaribu adrenalini na kemikali zinazofanana nayo kwenye viungo mbalimbali vya wanyama wa maabara. Aligundua kwamba viungo vyote viliangukia makundi mawili kulingana na kemikali iliyovigusa zaidi. Akasema lazima kuwe na vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Wengi hawakumjali wakati huo. Lakini James Black, mwanasayansi kutoka Scotland, alilichukua wazo hilo akatafuta dawa ya kuziba vipokezi vya beta ili moyo wa mgonjwa upumzike. Dawa hiyo, propranolol, ilianza kutumika katika miaka ya 1960, na mwaka wa 1988 Black alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Mwaka wa 1967 A. M. Lands na wenzake walionyesha kwamba hata beta yenyewe si moja. Walitofautisha beta-1 na beta-2. Beta-3 ilikuja kutambuliwa baadaye, nayo ina kisa chake.

VIPOKEZI HUTAFUTWAJE?

Huenda ukauliza: ikiwa kipokezi ni kidogo hata darubini ya kawaida haikioni, watafiti walijuaje kilipo?

Njia iliyotumika sana tangu miaka ya 1970 ni hii. Kiungo cha panya, tuseme moyo au pafu, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi. Kisha hutiwa dawa inayogandamana na vipokezi vya beta, dawa ambayo imefungiwa chembe za iodini zenye mnururisho. Kipande huoshwa ili dawa isiyoshika iondoke, halafu hulazwa juu ya filamu kama ile ya eksirei. Penye vipokezi vingi filamu huwa nyeusi, pasipo na vipokezi hubaki nyeupe. Ukitaka kujua ni beta gani, unatia kwanza dawa inayoziba beta-1 pekee. Weusi unaobaki ni wa beta-2.

Baadaye ikapatikana njia ya kusoma jeni. Mwaka wa 1986 jeni ya kipokezi cha beta-2 ilichambuliwa kutoka kwa hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Tangu hapo watafiti waliweza kuuliza kila kiungo: je, jeni hii inafanya kazi hapa? Lakini msomaji usisahau kwamba ujumbe wa jeni ni kama barua ya agizo. Kuiona barua dukani si kuona mzigo umefika. Ndiyo maana wataalamu makini hupima jeni, hupima protini, kisha hupima kama kiungo chenyewe kinaitikia dawa.

Na kwa nini panya? Huwezi kumwendea mtu mzima mwenye afya ukamkata kipande cha moyo na cha ubongo ili ukavichunguze. Panya ana moyo, mapafu, figo na ini kama sisi, huzaana upesi, na viungo vyake vyote vinaweza kupimwa siku moja.

RAMANI YA BETA KATIKA MWILI WA PANYA

Moyo. Vipokezi vilivyo vingi zaidi hapa ni beta-1. Beta-2 pia wamo, lakini ni wachache. Mbiu ikilia, beta-1 huongeza kasi na nguvu ya mapigo. Kwa binadamu hali ni hiyo hiyo: takriban robo tatu ya vipokezi vya beta vya moyo wenye afya, au zaidi, ni beta-1. Mwaka wa 1996 watafiti walieleza habari za panya waliozalishwa bila jeni ya beta-1. Wengi wao walikufa kabla ya kuzaliwa, na walioishi mioyo yao haikuongeza kasi hata walipopewa dawa ya kuichochea.

Mapafu. Hapa beta-2 ndio wenye mji. Wamejaa kwenye kuta za vifuko vidogo vya hewa na kwenye misuli ya mirija ya pumzi. Kwa binadamu, takriban 70 kati ya kila vipokezi 100 vya beta vya mapafu ni beta-2, na katika misuli ya mirija yenyewe ni kama wote. Wakiamshwa, mirija hulegea na kupanuka.

Figo. Beta-1 wapo kwenye seli zinazotoa renini, kemikali inayoanzisha safari ya kupandisha shinikizo la damu.

Misuli ya mikono na miguu. Hapa beta-2 wanatawala. Ndiyo sababu vidole hutetemeka mtu anapoogopa.

Tumbo la uzazi. Kwa panya jike beta-2 ndio wengi, nao huulegeza mji wa mimba.

Ubongo. Ramani ya ubongo wa panya ilishangaza wengi. Gamba la juu la ubongo lina beta-1 wengi, ilhali ubongo mdogo wa kisogoni una beta-2 wengi. Viungo viwili vilivyopakana vina masikio tofauti kwa mbiu moja.

Mafuta. Panya ana mafuta meupe ya kuweka akiba, na mafuta ya kahawia yaliyo hasa katikati ya mabega, ambayo kazi yake ni kuchomwa ili kutoa joto. Kote kuwili beta-3 ni wengi mno.

Ukiitazama ramani hii utaelewa jinsi dawa zinavyotengenezwa. Salbutamol, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1969, iliundwa ili iguse beta-2 zaidi, ifungue mirija ya mgonjwa wa pumu bila kuusumbua moyo sana. Ukivuta salbutamol ukaona mikono inatetemeka, usidhani umepewa dawa mbaya. Dawa imefika kwenye beta-2 wa misuli. Moyo nao ukidunda mbio kidogo, kumbuka kwamba una beta-2 wachache, na kwamba mishipa ya damu iliyolegea huulazimisha kufanya kazi zaidi. Vile vile dawa kama atenolol na bisoprolol ziliundwa ili zizibe beta-1 zaidi, ziutulize moyo na kuyaacha mapafu yafanye kazi yake.

MAHALI PANYA ALIPOTUPOTEZA

Sasa tuje kwenye kisa cha beta-3. Mwaka wa 1984 watafiti huko Uingereza walitangaza kwamba seli za mafuta ya kahawia za panya zina kipokezi cha beta ambacho si beta-1 wala beta-2. Walikuwa na dawa za kukiamsha. Panya wanono walipopewa dawa hizo walichoma mafuta, wakapungua uzani, na sukari yao ya damu ikawa nafuu. Mwaka wa 1989 jeni ya kipokezi hicho ilipatikana kwa binadamu, nacho kikaitwa beta-3.

Umuhimu wa beta-3 kwa panya haukuwa na shaka. Mwaka wa 2002 watafiti walieleza habari za panya waliokosa beta zote tatu. Walipolishwa chakula chenye mafuta mengi walinenepa kupita kiasi, kwa kuwa miili yao haikuweza kuchoma ziada ya chakula. Makampuni ya dawa yalikuwa yamekwisha kumwaga fedha katika utafiti huo. Tembe ya kupunguza unene bila kufunga wala kukimbia ilionekana kuwa karibu.

Tembe hiyo haikufaulu. Dawa zilizomkondesha panya hazikumkondesha mtu. Walipochunguza kwa makini, wataalamu waliona sababu mbili. Kwanza, beta-3 wa panya na beta-3 wa binadamu si pacha. Dawa iliyomwamsha wa panya kwa nguvu ilimgusa wa binadamu kwa udhaifu. Pili, mahali walipo ni tofauti. Katika mafuta meupe ya binadamu beta-3 ni wachache, na kazi ya kuyeyusha mafuta hufanywa zaidi na beta-1 na beta-2. Mafuta ya kahawia nayo, ambayo mtoto mchanga anayo, kwa mtu mzima ni machache. Ilikuwa mwaka wa 2009 tu ambapo picha za hospitali zilithibitisha wazi kwamba watu wazima wengine bado wanayo, hasa shingoni na juu ya mifupa ya mabega.

Lakini kazi haikuwa bure. Wakati wa kuitafuta beta-3 katika viungo vya watu, walimkuta kwa wingi katika misuli ya kibofu cha mkojo. Hata hapa panya angeweza kutuchanganya, maana kwake beta-2 na beta-3 hushirikiana kulegeza kibofu, ilhali kwa binadamu kazi hiyo ni ya beta-3 zaidi. Dawa iitwayo mirabegron, inayoamsha beta-3, ilipitishwa Japani mwaka wa 2011 na Marekani mwaka wa 2012, ili kuwasaidia watu ambao kibofu chao huwashurutisha kukimbilia choo kila mara. Safari iliyoanza kwa kutafuta dawa ya unene iliishia chooni, na wazee wengi wanashukuru.

Je, mirabegron haiwezi kutumiwa kupunguza unene? Mwaka wa 2015 watafiti wa Marekani waliwapa vijana wenye afya miligramu 200 kwa mara moja, yaani mara nne ya kipimo cha kawaida cha juu cha kibofu, ambacho ni miligramu 50 kwa siku. Mafuta yao ya kahawia yaliamka, lakini moyo nao ukaenda mbio na shinikizo likapanda. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikuuzia tembe ya kukonda akidai kwamba "imethibitishwa kwa panya", usimkatalie kwamba panya alikonda. Muulize tu kama wewe ni panya.

FAIDA YA SOMO HILI KWAKO

Turudi kwenye swali la daktari. Propranolol haichagui. Inaziba beta-1 za moyo na beta-2 za mapafu kwa pamoja. Mtu asiye na pumu huenda asihisi lolote kifuani. Mwenye pumu, ambaye mirija yake iko tayari kujibana, anaweza kubanwa ghafla hata kwa tembe moja. Na ubaya wake ni huu: akikimbilia inhela yake ya salbutamol, dawa inafika na kukuta masikio yamezibwa. Zipo dawa nyingine za kufungua kifua zinazopita njia tofauti, lakini hospitali itazitumia vizuri zaidi ikiwa imejua ulimeza nini.

Propranolol hutumiwa kwa mambo mengi: mapigo ya moyo yasiyo sawa, kipandauso, kutetemeka kwa mikono, maradhi ya tezi ya shingo. Wengine huimeza kabla ya mahojiano ya kazi au kusimama mbele ya watu ili wasitetemeke, baada ya kuambiwa na rafiki tu. Rafiki huyo hajui kama wewe ulibanwa kifua utotoni. Ndiyo maana hatuazimani dawa za presha wala za moyo, hata kati ya mume na mke.

Dawa zinazochagua beta-1, kama atenolol na bisoprolol, ni afadhali, lakini uchaguzi wao si kamili. Kadiri kipimo kinavyopanda, ndivyo zinavyoanza kugusa beta-2 pia. Mwenye pumu asizitumie bila daktari anayejua hali yake. Isitoshe, kwa shinikizo la damu lisilo na tatizo jingine la moyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2021 hautaji dawa za kuziba beta miongoni mwa zile za kuanzia. Kuna dawa nyingine nyingi za kuchagua.

Usisahau macho. Matone ya timolol, yanayotumiwa kupunguza presha ya jicho, huziba beta vile vile. Tone hupita kwenye kijia cha machozi, likaingia puani, na kutoka hapo likaingia kwenye damu. Wapo wagonjwa wa pumu ambao kifua chao kilibana kwa sababu ya tone la jicho, na hakuna aliyefikiria kuuliza.

Mwenye kisukari anayetumia dawa za sukari naye ana jambo la kujua. Sukari ikishuka mno, moyo hudunda na mikono hutetemeka. Hizo ndizo dalili za onyo. Dawa ya kuziba beta inaweza kuzificha. Jasho, hata hivyo, hutoka kwa njia nyingine, kwa hiyo haliwezi kufichwa. Ukitokwa na jasho jingi bila sababu, pima sukari.

Mwisho, ikiwa umekuwa ukitumia dawa ya kuziba beta kwa muda mrefu, usiiache ghafla. Vipokezi vilipozibwa, seli ilijaribu kuongeza vingine ili isikie. Ukiondoa dawa siku moja, mbiu ya kawaida itasikika kama kelele kubwa, na moyo uliokuwa na ugonjwa unaweza kuumia vibaya. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mwambie kila daktari, muuguzi na mwuza dawa kama una pumu au uliwahi kuwa nayo utotoni, hata kama umekwenda kwa ajili ya macho.

2. Soma jina la dawa kwenye pakiti. Majina mengi ya dawa za kuziba beta huishia kwa "olol": propranolol, atenolol, bisoprolol, timolol. Lakini carvedilol imo pia, nayo huziba beta-1 na beta-2.

3. Ukianza dawa mpya kisha ukasikia kifua kinabana, kinapiga filimbi au kikohozi cha usiku kinaanza, mwone daktari siku hiyo hiyo. Ukishindwa hata kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi, enda hospitali mara moja na ubebe dawa zako zote.

4. Usiache ghafla dawa ya kuziba beta. Usiazime ya mtu. Usimpe mtu yako.

5. Ukisikia habari za dawa ya ajabu iliyoponya panya, furahi kwa ajili ya sayansi, kisha ungoje majaribio ya watu. Panya ametufundisha mengi kuhusu moyo na mapafu yetu, lakini ramani ya mwili wake si ramani ya mwili wako.